Karamu ya Mwalimu Imepotea

Mayu Kabula, mwalimu mwenzangu,

Mwangaluka. Naanza na salamu, maana ulikuwa hupokei habari yoyote kwa mtu ambaye hajakusalimia, hata kama nyumba inaungua. Na safari hii imeungua kweli, mayu. Darasa letu la nne limepata sifuri kwenye imla. Darasa zima! Tangu juzi nimekaa mdomo wazi kama debe.

Usinyanyuke. Lala hapo hapo Malampaka, unisikilize.

Ulipotuacha, mwalimu mkuu alitazama ofisi kushoto na kulia, akatuona ni walewale wachache, akasema, "Masanja, Kiswahili cha darasa la nne ni chako." Mimi, mtu wa hisabati. Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaokota chaki zako nikaenda darasani, na watoto wakasimama wakatazama mlangoni nyuma yangu, kama vile mimi nimetangulia tu na wewe unakuja.

Halafu likaja jaribio la kata, lile la kujipima kabla ya upimaji wa kitaifa. Walimu ni haba, kwa hiyo kila shule ilijisimamia, karatasi zikasahihishwe shule nyingine. Imla nikaisoma mimi.

Habari ya ulimi wangu unaijua. Miaka yote ile tunakunywa chai na michembe, vile viazi vyetu vikavu, nje ya ofisi, unaniambia, "Sema rrr, Masanja, kama pikipiki inayokataa kuwaka." Mimi nawasha, inatoka l. Tuliolelewa ndani ya Kisukuma, herufi r tulikutana nayo ukubwani, kama miwani. Kwenye karatasi najua pa kuiweka. Mdomoni ndipo yeye na mwenzake l wanapobadilishana viti. Nilidhani imla zote za shule ulizisoma wewe kwa sababu unapenda kusikia sauti yako. Nilikuwa nakutania unasoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Kumbe ulikuwa unatukinga, na hukusema.

Sikutaka kukuaibisha. Nilivaa koti, nikasafisha koo, nikaapa kwamba siku hiyo r zitatoka hata kwa fimbo. Zikatoka. Tatizo ni mahali zilipotokea.

Juzi akaja afisa elimu kata, huyu mama mgeni ambaye hukuwahi kukutana naye. Alishuka kwenye pikipiki, akapita bila kuomba hata maji, akaweka bunda la karatasi mbele ya mwalimu mkuu.

"Mwalimu Masanja, watoto wako wamenakiliana."

"Hapana, mama. Nilikuwepo."

"Basi umewapa wewe. Kosa moja linaweza kufanana kwa wawili, watatu. Siyo darasa zima likose neno lilelile kwa herufi ileile! Hii naipeleka wilayani. Alama zinafutwa, na wewe darasa la nne unaliacha leo."

Mayu, mimi kuondolewa si kitu, nitarudi kwenye sehemu zangu na desimali. Lakini watoto wako kuitwa wezi wa mtihani, na upimaji wenyewe uko mlangoni! Nikavuta karatasi ya kwanza. *Karamu ya mwalimu imepotea.* Ya pili, karamu imepotea. Ya tatu hivyo hivyo. Chini yake, kwa mwandiko safi ule uliowafundisha: *Wananchi walipanga foleni kupiga kula.*

"Kupiga kula ndiyo kufanyaje?" mwalimu mkuu akauliza.

Afisa akanipa karatasi ya msimamizi. "Hebu tusomee, kama ulivyowasomea wao."

Nikasoma. Mwalimu mkuu akageukia dirishani, mabega yanamtikisika. Afisa akajifunika mdomo kwa karatasi za watoto.

"Rudia, mwalimu."

Nikarudia kwa ujasiri zaidi, na karamu ikapotea tena.

Ninachokuambia ni kweli: sikusikia kosa. Masikioni mwangu nilisema kalamu, ile ya kuandikia. Walivyocheka nilishtuka kama mtu aliyeambiwa ametembea sokoni siku nzima suruali kaivaa nje ndani.

Lakini afisa si mtu wa kuridhika haraka. Ungempenda. Akasema, "Sawa, mwalimu ni wa hapa hapa. Ila mtoto wa darasa la nne hajui neno kalamu?" Akaagiza aitwe mtoto yeyote. Akaja Minza, yule uliyekuwa unamwita Sauti ya Mbu. Akasimama, mikono nyuma.

"Mwalimu aliposema karamu imepotea, ulifikiri ni nini kimepotea?"

"Kalamu."

"Sasa mbona uliandika karamu?"

"Mwalimu Kabula alisema kwenye imla unaandika unachosikia. Usimsahihishe anayesoma." Akatazama sakafu. "Alisema hata kama anayesoma ni Mwalimu Masanja."

Mayu! Hata kama ni Masanja! Lini uliwaambia hivyo? Mimi niko chumba cha pili nafundisha kugawanya, wewe unanisema kwa watoto? Nilicheka mpaka nikashika meza. Afisa naye akacheka, akafuta macho, akasema, "Huyu Mwalimu Kabula yuko wapi? Nataka nimpe mkono."

Minza akanitazama mimi. Mwalimu mkuu akasema taratibu, "Tulimzika, mama."

Nilikuwa najua. Nilishika jembe mwenyewe kaburini kwako. Lakini niliposikia neno lile pale ofisini, katikati ya kicheko, ndiyo kwanza likaniingia. Nilitoka nje, nikasingizia vumbi.

Afisa aliwasomea imla upya, yeye mwenyewe, na kalamu ikaonekana. Hakuna aliyeitwa mwizi. Darasa ninalo bado.

Kilichobaki ndicho kilichonifanya nikuandikie. Siku ya upimaji wa kitaifa atasoma msimamizi kutoka shule nyingine, na wewe unatujua watu wa huku, ndimi zetu ni zile zile. Akiwa kama mimi, watoto watamwandika alivyo, na safari hiyo hakuna wa kurudia. Jana nikawaambia, "Mkisikia neno halina maana pale lilipo, andikeni lenye maana."

Darasa lako lote likatazamana. Kisha Minza akanyoosha mkono. "Mwalimu Kabula hatakasirika?"

Nikamwambia nitakuuliza.

Basi nakuuliza, mayu. Mengine yote uliyowawekea nitayalinda: mwandiko, salamu, kusimama wima wakijibu. Nakuahidi. Na pikipiki yangu nitaendelea kuiwasha kila asubuhi, labda siku moja itashika. Ila hili moja niruhusu nilivunje.

Maisha yako yote hukuniacha nimalize sentensi bila kunisahihisha. Leo nakuomba usiseme kitu. Ukinyamaza, kesho nitawaambia umekubali.

Ndugu yako,
Masanja