Redio Yangu Imeacha Kujipigia Kelele

Ijumaa jioni. Mvua imenifuata kutoka Mau Narok hadi hapa Nakuru, na viatu vyangu bado vina matope ya stoo ya viazi. Sitavisafisha leo. Leo nina haki ya kukaa na chai yangu na kujisifu.

Imefanya kazi.

Niandike tena ili niamini: imefanya kazi, nje ya maabara, mbele ya watu, lori likinguruma mlangoni.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza, miaka mitatu sasa natafuta shahada ya uzamili kwa kuunda redio inayosema na kusikiliza kwa wakati mmoja, kwenye masafa yale yale. Redio za kawaida hupokezana. Mmoja anaongea, anasema "ova", ndipo mwenzake anajibu. Zangu hazingoji. Taabu ni kwamba redio ikisikiliza huku inarusha, kelele zake yenyewe zinaiziba masikio, kama mtu anayepiga mayowe huku anataka kusikia mnong'ono wa ng'ambo ya shamba. Dawa ni kuifundisha izijue kelele zake, izitoe, ibaki na sauti ya mwenzake.

Kwenye maabara niliiweza mwaka jana. Nje ndiko ilinitoa jasho. Ushirika mmoja wa wakulima ulinikubalia niweke redio moja kwenye stoo yao na nyingine kwenye mizani, juu kabisa ya mashamba, ambako simu hushika ikipenda. Wiki iliyopita zilisikilizana vizuri mno, nikamtumia msimamizi wangu wa utafiti matokeo kwa maringo. Jumatatu akaja kujionea. Tukasikia mngurumo mtupu. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba Ijumaa ikipita hivi, nitafute mada nyingine ya tasnifu.

Nililia kwenye choo cha stoo. Sioni aibu kuandika hivyo.

Jumanne nilibadilisha nyaya zote. Jumatano nikarudi peke yangu, nikaketi juu ya gunia na kutazama watu, kwa sababu sikuwa na lingine la kufanya. Hapo ndipo nilipojiona mjinga.

Kila nikifika, Mzee Koech anayeshika funguo za stoo husimamisha kila kitu. Lori linaondolewa mlangoni, wapakiaji wanaweka magunia chini, kofia zinavuliwa, na mzee anaiombea mashine yangu. Haombi kwa ufupi. Anaombea mvua, anaombea barabara, anaombea wazazi wangu ambao hajawahi kuwaona. Nami, kwa ujanja wangu, niliona hapo ndipo pa kuokoa muda. Nilikuwa nainamisha kichwa kama wengine, huku kidole kinabonyeza kitufe cha kuifundisha redio.

Kumbe kelele za redio hazitoki kwa antena yake peke yake. Nyingine hugonga mabati, lori na watu, kisha hurudi. Mimi nilikuwa naifundisha katika stoo ambamo hakuna anayesogea hata kidole. Wiki iliyopita walibaki wamesimama kunitazama hata baada ya amina, ndiyo maana ilisikia. Jumatatu walikuwa na haraka. Amina ikasemwa, lori likarudi nyuma, na yote iliyojifunza yakawa kazi bure.

Jana nzima niliandika programu upya, redio ijifunze bila kukoma, huku kazi ikiendelea.

Leo mzee alipoomba, mikono yangu ilikuwa mfukoni. Kisha nikamwomba asisimamishe kazi. Hakupenda.

"Madam, mgeni akikuja na kazi yake tunampea nafasi," alisema. "Si hiyo ni heshima?"

Nikamwambia leo nataka fujo. Akacheka, akamwita dereva wa lori.

Nilianza kuhesabu kwenye maikrofoni bila kupumzika. Juu mlimani, Chebet, karani wa mizani, alitakiwa kunisomea uzito wa magunia wakati huo huo. Mwanzoni ulikuja ule ule mngurumo ninaouchukia. Lori likarudi nyuma, magunia yakapita mbele ya antena, msimamizi wangu amekunja mikono. Kisha mngurumo ukashuka, ukashuka tena, na Chebet akatokea kana kwamba yuko nyuma ya mlango.

"Gunia la tisa, kilo hamsini. Madam, umefika arobaini na mbili, endelea tu, nakupata poa."

Niliendelea mpaka mia, machozi yakinitoka. Lori liliondoka, likarudi, na Chebet hakupotea hata mara moja. Wapakiaji walipiga makofi bila kuacha kubeba. Msimamizi akanipa mkono, akasema tasnifu inabaki ilivyo.

Angeondoka bila kujua lolote kuhusu yale matokeo ya wiki iliyopita. Nilitamani iwe hivyo, kwa sekunde chache nilitamani sana. Kisha nikamweleza yalipatikanaje. Akaniambia niyaandike hivyo hivyo.

Kwa hiyo kesho asubuhi naanza sura ya nne. Itaanza na stoo nzima ya watu waliosimama kimya wakiniombea, na mimi peke yangu nikiwa siombi.