Namba ya Bihogo

Makere, Alhamisi, Agosti 2014

Eti namba ya ng'ombe! Mimi niliyefika Bujumbura, Mwanza na Tunduma, sijawahi kuona ng'ombe akidaiwa namba.

Tangu kampuni ya Dar inunue kliniki ya mifugo ya Daktari Filemoni pale Kasulu mjini, ukitaka daktari aje nyumbani unalipia kumsajili mnyama apewe namba, unalipia gari, ndipo ufike kwenye dawa. Na Bihogo wangu kiwele kimevimba, majani hataki. Nikitaka apone, nimuuze ndama wake.

Filemoni mwenyewe siku hizi kaajiriwa humo humo. Leo kanikuta nje ya kliniki, kavaa shati la kampuni.

"Daktari, njoo Jumapili kama mgeni tu," nikamwambia. "Mama Yusta atachinja kuku, na ng'ombe atapita hapo kwa bahati mbaya."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema polepole, "Kaka, mkataba unakataa. Hata Jumapili yangu wameinunua."

Halafu akauliza, "Bihogo anakula?" Pale hakuna mwingine anayemjua kwa jina.

Zamani alikuwa akija na baiskeli. Anasimama mlangoni pa zizi, anapiga makofi, "Mwakeye, mama!" Anamsalimia ng'ombe kwanza, mimi baadaye. Mwanaume mzima nikawa namwonea wivu ng'ombe wangu.

Kesho ndama anakwenda mnadani. Sina namna, Bihogo akifa mimi...

Jioni nilisimama mlangoni pa zizi nikapiga makofi kama yeye. Bihogo akainua masikio, akatazama njia nyuma yangu.