Khanga Niliyojifunga Leo Asubuhi

Jumamosi jioni, Igogo. Mvua ya alfajiri ilikatika mapema, na kutwa nzima jua limewaka juu ya ziwa. Mwaka jana mwanga huu ungenilaza kitandani.

Leo nimecheza!

Kipandauso nimeishi nacho miaka kumi na sita. Nyumbani kwangu kila mtu anaijua dalili: nikijifunga khanga kichwani, redio inazimwa, mapazia yanashushwa, watoto wananyata. Sherehe za ukoo nimezihudhuria kwa kutazama picha kwenye simu.

Sasa ni mwezi wa nne nachomwa sindano moja kila mwezi. Daktari alinieleza kwamba kipandauso kikianza, mishipa ya fahamu inamwaga peptidi, vijumbe vidogo vinavyotanua mishipa ya damu na kusambaza maumivu. Dawa inavidaka njiani. Nikamwambia kumbe ni wambea tu, wanakamatwa kabla hawajafika kwa jirani. Alicheka, ila akanionya kwamba haimsaidii kila mtu, na kichwa kinaweza kurudi. Kimerudi mara mbili, lakini kwa adabu.

Basi leo tulikuwa tunavuka kwenda Sengerema kumuaga Koku, mtoto wa dada yangu anayeolewa. Nilimwahidi nitacheza. Jana nilisukwa, kwa hiyo asubuhi nikaenda kuoga nimejifunga khanga kichwani nywele zisilowe. Mama mkwe akaniona nikikatiza uani.

Nilipomaliza kuvaa nikatokea sebuleni. Kimya. Mapazia yameshushwa. Mezani kuna chupa ya chai na kikaratasi cha mume wangu: "Pumzika, Mama Neema. Tutakupigia picha."

Wamenyata wakaniacha! Nilikasirika, nikacheka, nikalia kidogo, yote kwa pamoja. Nikaita bodaboda.

Niliwakuta kwenye gati, kivuko cha Kamanga bado kinapakia magari. Mama mkwe alinishika paji la uso, akauliza polepole, "Hakiumi?"

"Hakiumi, mama. Nilikuwa nakinga nywele."

Mama mkwe huyo wa Kihaya, ambaye kwa miaka yote sijawahi kumsikia akipaza sauti, akapiga vigelegele palepale mbele ya madereva wa malori.

Huko Sengerema nimecheza karibu kabisa na spika. Koku alilia mpaka wanja ukamchuruzika. Sasa nimerudi na miguu inauma. Miguu tu.

Khanga nimempa jirani aliyejifungua, abebee mtoto. Kichwa kikirudi, nitaiazima.