Kituo cha Kwanza cha Italia ni Kibondo

Bologna, Alhamisi mchana

Kaka Gaspari,

Mwakeye, nakusalimu huko Kasulu. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Evarista na watoto, na mgongo wako uwe umetulia sasa kwa kuwa magunia ya maharage unapakiziwa na watu wengine. Mimi mwilini ni mzima. Habari za moyoni ziko mbele, usiruke ukurasa. Nakujua, hata matangazo ya parokia unaanza kusoma chini.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu zipo. Kwanza, ubalozi unataka fomu ya mwaliko yenye sahihi yangu ya kalamu, kwa hiyo bahasha ilikuwa lazima ije, nikaona nisiitume na karatasi moja tu. Pili, kwenye simu unanikatiza. Leo ni siku yangu ya kutoka mchana, bibi ninayemtunza yuko na binti yake mpaka jioni, na mimi nimekaa kwenye benchi la bustani na daftari. Hapa hakuna wa kunikatiza.

Nianze na ulichoniomba. Uliniagiza nikupangie safari yako ya kwanza ya Italia, siku kumi, ukanitumia orodha yako ili niinyooshe. Kaka, orodha ile nimeisoma mara tatu. Roma na Vatikano siku moja. Kesho yake Napoli kuona mlima wa moto. Kesho yake Pisa asubuhi, Firenze mchana. Halafu Venisi, halafu Milano kuona uwanja wa mpira, halafu Torino, Padova, Assisi, na siku ya tisa Sisilia, ambayo ni kisiwa. Umepima kwa kidole kwenye ile ramani ya kalenda iliyoko sebuleni kwako, siyo? Wewe umezoea kutoka Kasulu alfajiri, ukapita Kibondo kumwamkia shangazi, ukafika Nyabibuye kuangalia mzigo, na ukarudi kulala kitandani kwako. Ukadhani nchi ya watu nayo inazungukwa hivyo hivyo.

Na katika orodha hiyo yote nilijitafuta. Nikajikuta mstari wa sita, kati ya Venisi na Milano: "Konsolata, stesheni ya Bologna, dakika arobaini, kubadilisha treni." Miaka kumi na moja hatujaonana, kaka. Dakika arobaini! Hata treni yenyewe ungeikuta imechelewa, ukanisalimia kupitia dirishani.

Basi sikiliza ratiba ya mtu anayeishi huku. Utatua Roma Ijumaa asubuhi, umelala kwenye viti vya viwanja viwili vya ndege, na miguu imevimba. Siku hiyo usipange kitu. Chumba cha hoteli hawakupi mpaka saa tisa alasiri, kwa hiyo waachie begi mapokezi, ule, ukae. Jumamosi nenda Vatikano mapema sana, kwa sababu foleni ya kuingia kanisa kubwa inazunguka uwanja mzima, na tiketi ya makumbusho nitakukatia mimi kabla hujaja, ukifika bila tiketi utaangalia ukuta. Magoti na mabega yafunikwe, ingawa najua wewe utavaa suti. Kwenye suti nitarudi. Jumapili saa sita Baba Mtakatifu anatokea dirishani kubariki watu, huhitaji tiketi, unasimama tu na kofia yako. Jioni angalia ule uwanja wa mawe wa zamani, kwa nje inatosha. Kwenye basi weka pochi mfuko wa mbele. Kahawa inywe umesimama kaunta kama wanavyofanya wenyewe, ukikaa mezani bei inakaa na wewe. Viatu vije vile vilivyozoea mguu, vipya viache Kasulu, huku utatembea kwenye mawe kutwa nzima.

Napoli futa. Pisa futa, ule mnara umeshauona kwenye kalenda na bado umeinama. Milano, Torino na Assisi futa. Sisilia usiitaje tena.

Jumatatu ndipo unapanda treni kuja Bologna, mwendo wa saa mbili na ushee, na unakaa kwangu mpaka Alhamisi asubuhi. Usiku tatu. Nimeshaongea na mwenzangu wa Moldova atakayeshika zamu yangu kwa bibi, na mimi nitashika zake mbili za Jumapili. Alhamisi nitakupandisha treni ya Padova, umsalimie Mtakatifu Antoni, ulale hapo, maana kulala Venisi kwenyewe ni kwa wenye nazo. Ijumaa Venisi, kutwa. Jumamosi unarudi Roma, unashuka Firenze kwa muda wa saa nne au tano unyooshe miguu, Jumapili uwanja wa ndege. Miji mitano, na utaiona kweli. Hiyo ndiyo Italia inayoingia kwenye siku kumi.

Sasa usiku tatu kwangu ni za nini, na Bologna haikuwa hata na nyota kwenye orodha yako? Hapa ndipo pa kukaa chini, kaka.

Unakumbuka nilikuomba nakala ya pasipoti. Ukaituma, na ukaongeza picha yako ya kusimama, kwa utani, eti nisije nikakupita uwanjani kwa kukusahau sura. Suti ya kijivu, umependeza, sikatai. Chini yake ukaandika: "Hii nilishona tulipoganduka kwa mama."

Nilikuwa jikoni nasaga supu ya bibi. Nilizima mashine nikasoma tena. Nikakaa sakafuni.

Tangu mama afariki, miaka mitatu na nusu sasa, mimi nilikuwa nangoja siku hiyo. Desturi yetu unaijua, babu alivuka nayo mpaka. Mtu akizikwa, ndugu wanakaa katika msiba mpaka waganduke: watoto wote wa marehemu wanakutana, impeke yetu ya mtama inaletwa, kila mtoto anashika mrija wake anakunywa chungu kimoja na wenzake, ndipo msiba unaondoka nyumbani. Kabla ya hapo mtoto wa marehemu haoi wala haolewi, na hata mjukuu hafanyiwi sherehe. Mama mwenyewe alitufundisha hivyo kule Kitanga, na babu alipofariki alimkatalia baba mdogo kuoa mpaka mwaka ukaisha. Kila nilipokuuliza lini tunaganduka, ulisema: "Bado Konsolata, watu hawajakaa sawa." Nikakuamini. Wewe ndiye mkubwa, neno la kuganduka hutoka kwako, nani mwingine wa kuniambia?

Sijawahi kukuambia habari za Pascali. Alikuwa Mkongo wa Uvira, anafanya kazi kwenye ghala la matunda, mtu mpole, Jumapili tunasali kanisa moja. Aliniomba tuoane mwezi wa nne baada ya msiba. Nikamwambia asubiri tuganduke. Akasubiri mwaka. Akasubiri mwaka wa pili. Alikuwa akiniuliza kwa Kiswahili chao: "Konso, hii matanga ya mama yako haimalizikake? Mi niko nachoka." Nami namjibu kaka yangu atasema, desturi yetu ndiyo hiyo. Mwaka jana alichoka kweli. Ameoa, ana mtoto wa kike, nilimwona kanisani wakimbatiza. Nilipiga makofi kama wengine.

Baada ya ile picha nilimpigia shangazi Spesioza Kibondo. Nilimuuliza moja kwa moja: mliganduka lini? Akasema, mwaka uleule wa kwanza ulipotimia. Nikamuuliza mbona sikuambiwa? Akasema: "Ee mwana wanje, sisi twajua umeambiwa. Gaspari kasimama mbele ya watu wote, kasema Konsolata nimempigia, kasema tunywe tu. Mimi nikasema hapana, mrija wake hauguswi. Nikauchukua. Upo kwangu hadi leo, nimeufunga kwenye gazeti, nimeuchomeka juu ya mlango wa jikoni."

Ndipo alipoendelea, bila kujua ananichoma, akanisimulia arusi ya binti yako Josefina wiki tatu baadaye. Kwaya tatu, ng'ombe wawili. Wewe mimi uliniambia nini? "Wamefunga kimyakimya, misa tu, kwa ajili ya msiba wa mama." Nilikulilia kwenye simu, nikasema pole kwa Josefina kukosa sherehe. Ukasema asante. Kaka, ulisema asante!

Nilikupigia siku ile ile, unakumbuka ulivyonijibu. "Konsolata we, upande wa yule kijana walikuwa wanasukuma, tungekungoja mpaka lini? Usingepata ruhusa kazini. Niliona nisikuumize." Kisha ukaniuliza tiketi ya Sisilia ni ya meli au ya ndege. Nikakata.

Nimekasirika, na sitaki uambiwe na mtu mwingine, nakuambia mimi. Kukosa kuja nimezoea. Hata maziko ya mama niliyaona kwenye simu ya wifi, picha inatikisika, nikaona zaidi viatu vya watu kuliko jeneza. Hilo nilikusamehe, kibali changu cha kuishi huku kilikuwa kinatengenezwa upya, kosa halikuwa lako. Lakini arusi ya mwanao ilifunguliwa kwa kuniacha mimi nimefungwa, na ulikuwa na simu mkononi. Neno moja tu lingetosha: tumeganduka. Ningelia siku mbili, siku ya tatu ningemwambia Pascali haya, twende kwa padri.

Labda utasema desturi hizi wengine wameshaziacha, na kwamba mtu aliye Ulaya angefanya alivyotaka. Mimi sikuweza. Huku sina kaburi la mama la kupalilia, sina majirani zake, sina hata nguo yake. Kitu pekee nilichobaki nacho cha kumfanyia kilikuwa kungoja. Nilingoja vizuri, kaka. Nilidhani tunangoja wote.

Kwa hiyo ratiba yako ina kituo kimoja ambacho sikukutajia pale juu. Kituo cha kwanza cha Italia ni Kibondo. Kabla hujaenda Dar es Salaam kwa ajili ya viza, panda gari nenda kwa shangazi. Mwambie ukweli, mbele ya wale aliowaita siku ile kama wapo. Akupe mrija wangu, na wewe chukua wako. Iweke yote miwili kwenye begi kubwa, siyo la mkononi, izungushie nguo isivunjike. Nyama na maziwa usibebe, watakunyang'anya. Mrija ni bua tu, wakikuuliza sema ni wa kunywea.

Mtama nimeshaupata, kuna duka la Waafrika nyuma ya stesheni. Shangazi amenielekeza hatua kwa hatua kuuotesha, kuusaga na kuuchachusha, nimejaribu mara mbili, ya kwanza ilikuwa uji, ya pili ilikuwa yenyewe. Nitauloweka mapema kabla hujapanda ndege ili Jumanne impeke iwe imekaa. Tutakaa wawili jikoni kwangu, padogo, magoti yatagusana. Ndiyo maana usiku ni tatu: Jumatatu wa kufika, Jumanne wa kunywa, Jumatano wa kuniambia habari za mama siku zake za mwisho, zile ambazo nazo mlinificha.

Wifi Evarista msalimie, mwambie sina neno naye, alinishikia simu kaburini mpaka mkono ukamfa ganzi. Josefina mwambie shangazi yake anambariki yeye na mumewe, na picha za arusi sasa anaweza kunitumia. Mdogo wetu Leonidi, mwalimu wa Kitanga, ambaye naye alijua nimeambiwa, apalilie kaburi kabla mvua hazijashika. Na yule jirani aliyekuwa akimchotea mama maji, sijui jina lake la ubatizo, mfikishie shukrani yangu kwa mkono wako.

Fomu ya mwaliko iko ndani, nimeisaini. Mahali panapouliza utakaa kwangu siku ngapi nimeandika kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi. Ukishapata viza hakuna askari atakayekufuata kuhakikisha. Ukitaka, unaweza kupanda treni kutoka Roma, ukapita Bologna umelala, ukashukia Venisi, hakuna atakayekukamata. Jumanne hiyo mimi nitakuwa na chungu mezani hata hivyo. Ukiwepo, tutaganduka kwa mama. Usipokuwepo nitakunywa peke yangu, na nitakuwa nimeganduka kwa mama na kwa kaka siku moja.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado niko msibani,

Konsolata