Ufunguo wa Mlango wa Jikoni

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Mgongo wako na kile kiti cha ofisini vimeshapatana? Mimi mzima, goti tu ndilo lenye maneno mengi.

Sasa nisikilize. Yule mwalimu wa hesabu aliyekuwa anunue nyumba amejitoa! Kasaini mkataba, kalipa arbuni ya kushikia nyumba, madirisha kaja kuyapima mwenyewe huku akipiga mluzi. Juzi kaleta barua ya mistari miwili kwamba hanunui tena. Wewe ndiye uliyenihimiza niuze nije kuishi kwako, tena unafanya kazi kwa wakili. Sheria inamfanyaje mtu kama huyu?

Mama yako

11 Machi

Shikamoo Mama,

Mgongo umetulia, pole na goti. Nimemuuliza bosi wangu. Anasema unaweza kubaki na arbuni, kama mkataba unaruhusu. Ukija kuuza kwa bei ya chini, unaweza kumdai mwalimu hiyo tofauti. Unaweza hata kuomba mahakama imlazimishe anunue, ila hiyo ni kesi ya kuzeekea. Au mwachane kwa maandishi, na usimuuzie mwingine kabla ya hapo.

Yote yanategemea mkataba, na kama ana sababu. Ana sababu gani? Nitumie nakala haraka. Chumba chako nimeshakipaka rangi.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Hamjambo huko? Goti limepoa. Nakala hii hapa. Nilikuwa na shughuli za mapazia. Nilimuuliza mwalimu sababu, akasema hawezi kununua nyumba ambayo mwenyewe hajatoka. Maneno gani hayo? Mstari wa chini kabisa usikushughulishe.

Mama

9 Mei

Shikamoo Mama,

Nafurahi goti limepoa. Nimeanza na huo mstari wa chini, nakujua. “Muuzaji atabaki na ufunguo wa mlango wa jikoni, awe anaingia kuangalia nyumba.” Mwandiko wako, chini ya saini ya mwalimu! Uliuongeza alipokwisha kusaini, ndipo nawe ukasaini. Bosi wangu kacheka mpaka kavua miwani. Halafu akasema hatuna kesi: mwalimu hakukubali mstari huo, kwa hiyo hakuna mlichokubaliana. Mrudishie arbuni yake.

Hili la pili ni langu, si la sheria. Mama, ulitaka kweli anunue?

Mwanao

30 Mei

Mwanangu kipenzi,

Natumaini u mzima. Arbuni nimeirudisha, mwalimu kahesabu mara mbili, tukaagana vizuri.

Swali lako nimekaa nalo wiki tatu. Nilipoandika ule mstari niliona ni jambo dogo tu, kama kuomba kurudi kuchukua mwavuli. Kumbe aliyejitoa kwanza ni mimi. Niliogopa kukwambia, nawe umeshapaka chumba rangi. Nisamehe. Nakupenda, lakini sitoki hapa.

Ndani ya bahasha kuna ufunguo wa mlango wa jikoni. Uwe unaingia kuangalia nyumba.

Mama yako