Yule Askari Asigeuke Nyuma

Duka la Katuni,
Nyuma ya Stesheni,
Jecheon.
16 Januari 1978

Mpendwa mjukuu wangu Jeongim,

Nani alikufundisha kuandika kurasa nne kumwambia bibi yako kwamba umeshindwa? Kushindwa huandikwa mstari mmoja. Mistari mingine yote ulikuwa unaniomba ruhusa, na ruhusa sitoi. "Nitajaza maneno tu, Bibi, yaishe." Yaishe yapi? Miaka mitatu umekaa Seoul ukifuta penseli za watu na kupaka wino mweusi kwenye mabuti ya askari waliochorwa na wengine. Leo Mwalimu Pyo anaumwa mkono, amekupa sura moja nzima ya kitabu chake uichore wewe mwenyewe, na alipokukoholea kidogo tu kwamba inataka maneno, ukataka kumrudishia! Mtoto wa nani wewe?

Sasa salamu, maana hata anayegombezwa husalimiwa, na mimi hasira imenitangulia. Hujambo? Kifua kimepona? Unakula wali, au bado ni zile tambi za pakiti, tena ukiwa umesimama? Sisi huku wazima. Goti langu la kushoto linajua theluji kabla ya redio. Mama yako mafua yamemwacha, ila usiku anakoroma kama treni ya makaa. Kimchi ya kabichi ya mwaka huu imetoka vizuri kuliko ya Bi Geum muuza tofu, na yeye mwenyewe anajua, ndiyo maana akija kula hasemi kitu.

Kijitabu chako cha penseli kilifika Jumanne. Nilikifungua mbele ya wateja wote, nikitamba: mjukuu wangu huyu, kachora peke yake, kurasa ishirini na nne. Nikafunua ukurasa wa kwanza, theluji. Wa pili, theluji na askari wawili, mrefu na mfupi. Wa tatu, theluji tena. Neno hata moja hamna. Nikakitikisa nikidhani karatasi ya maneno imedondoka. Usicheke.

Niliudhika, na sababu yake nitakupa. Wewe shule ulipelekwa. Mimi herufi nilizipata nikiwa na miaka arobaini na tisa, humu humu dukani, kwenye mapovu ya maneno yanayotoka midomoni mwa watu wa katuni. Neno la kwanza kulisoma maishani mwangu lilikuwa mlio wa bomu, kwa sababu lilikuwa limeandikwa kubwa kuliko kifaru chenyewe. Nililisoma kwa sauti mpaka wateja wakaruka kwenye benchi. Basi usiniambie mimi thamani ya herufi. Halafu mjukuu wangu ananiletea kitabu ambacho hata yule Bunnyeo wa zamani, mimi nisiyejua jina langu likiandikwa, angekimaliza! Nikaona kama umenikamata mkono ukanirudisha nilikotoka.

Kwa hiyo nikafanya jambo la aibu. Nilichukua kalamu ya wino wa bluu, nikaenda ukurasa wa tatu, na juu ya kichwa cha yule mrefu nikaandika: "Baridi!" Kisha nikatazama vizuri. Mabega umeyachora yamepanda mpaka masikioni, mkono mmoja umezama kwapani, na pumzi yake umeiacha karatasi tupu. Baridi ilikuwa imeshasemwa. Neno langu lilikaa pale kama mtu anayefafanua mzaha watu wakiwa wamekwisha cheka. Nimelifuta kwa mate na kifutio, na pamebaki doa. Kwa hilo doa nisamehe. Kwa mengine yote katika barua hii siombi msamaha.

Nikakiweka rafuni pamoja na vingine nione kitakuwaje. Mwalimu Pyo anasema bila maneno wasomaji watakitupa. Namheshimu, vitabu vyake vimetulisha. Kifaru chake unaweza kuhesabu misumari, ijapokuwa watu wake wote, hata wapishi, wana kidevu kama tofali. Lakini yeye haketi na wasomaji. Mimi nimeketi nao miaka ishirini kuzunguka jiko hili. Najua mtu anayesoma kwa midomo na mtu anayesoma kwa macho, na najua ukurasa gani unarukwa. Ule ukurasa wa jenerali kuhutubia unarukwa, mwambie.

Wa kwanza kukishika alikuwa Bi Geum. Huyo, kama unavyomjua, vita hasomi, yeye ni wa mapenzi na machozi. Alikipitia haraka haraka, akanirushia.

"Bibi, hiki kimeibiwa maneno! Nimekimaliza na tambi zangu bado mbichi. Nirudishie pesa."

"Pesa gani? Lini ulilipa? Unaota moto wangu bure tangu asubuhi."

Akacheka, akakiokota tena. Akarudi nyuma kurasa mbili. Akarudi tena. Mwisho akaniuliza, "Huyu mfupi si ndiye aliyempa mwenzake soksi zake kule mwanzo?"

"Sijui, kitabu hakisemi."

"Kinasema! Una macho ya mapambo wewe? Tazama miguu!"

Nikatazama. Kweli, mfupi kwenye buti hana soksi, na mrefu amevaa jozi mbili. Nimekaa na kitabu hicho siku nzima na sikuona, akaona muuza tofu. Tambi zake zikavimba mpaka zikawa uji, na alikula vivyo hivyo.

Lakini si yeye aliyenifanya nishike kalamu. Ni Bwana Namgung.

Humjui, alihamia ulipokwisha ondoka. Anafanya kazi stesheni, anapita chini ya mabehewa akigonga magurudumu kwa nyundo na kusikiliza lipi limepasuka. Msimu wa tatu huu wa baridi anakaa benchi la mlangoni, na maneno niliyowahi kumsikia nayo ni mawili: "Baridi leo" na "Asante." Alikisoma kijitabu chako mara nne. Kila alipofika ukurasa wa kumi na tisa alikifunga, akaanza upya.

Unaukumbuka huo ukurasa, wewe ndiye uliyeuchora. Mrefu amembeba mfupi mgongoni, mfupi ana risasi ya tumbo, wanapanda mlima kwenye theluji. Ukurasa wa kumi na tisa mrefu anageuza shingo, anaona mwenzake amekufa, anapiga magoti, mdomo wazi kama pango, ngumi juu mbinguni, machozi kama shanga. Ndipo hapo Mwalimu Pyo anapotaka kuandika, "Nitakulipia kisasi!"

"Nani kachora?" Bwana Namgung akaniuliza.

"Mjukuu wangu. Kuna kasoro?"

"Hakuna." Akanywa maji. "Ipo moja. Hajawahi kubeba mtu."

Nikapandwa na mori. Mjukuu wangu amseme kwingine, si mbele yangu! Nikamwambia, "Ni msichana wa miaka ishirini na mbili, ulitaka abebe nani?" Akaja mbele yangu, akachuchumaa akanipa mgongo.

"Panda, Bibi."

"Una wazimu?"

"Panda."

Bi Geum akapiga makofi: "Jamani njooni, Bibi anaposwa!" Na mimi, Jeongim, kwa miaka yangu sitini na tisa, nikapanda. Usimwambie mama yako, alikuwa sokoni. Aliniinua kama gunia la mchele, akanibeba kutoka jikoni hadi mlangoni na kurudi, wateja wote wamesimama.

"Shika kola yangu," akasema. Nikashika. "Sasa jiachie."

Nikajiachia, mikono ikaning'inia. Akasimama ghafla. Hakugeuka.

"Umeona? Sikukutazama. Mgongo umenipa habari. Mzigo ni ule ule, ila umeacha kujishikilia."

Hapo nikaelewa, na nikajionea aibu, maana hilo nilikuwa nalijua kabla yake. Wewe mwenyewe nimekubeba mgongoni mpaka miaka minne, ukilia kila nikikushusha. Mtoto aliye macho hukushika, huja nawe. Akisinzia tu, unajua bila kugeuka, anakuwa jiwe. Ni mwanamke gani hajui hili? Na wewe mwenyewe ulikuwa huo mzigo!

Aliponishusha, Bi Geum alitaka kutania tena, akatazama uso wa yule mtu, akaacha. Bwana Namgung aliniambia mambo machache, na nayaandika kama alivyoyasema, kwa ruhusa yake. Majira ya baridi ya mwaka wa kwanza wa vita alimbeba rafiki yake kushuka mlima, mwendo wa saa mbili. Penye kijito ile mikono iliyoshika kola iliachia. Hakupiga magoti. Hakulia. Alitembea vile vile saa moja nyingine, kwa sababu penye kijito palikuwa na maji, na hakutaka kumlaza rafiki yake kwenye maji. Kwa nini hakugeuka? Akasema, "Nisipogeuka, bado tuko wawili."

Kisha akavaa kofia yake akaenda kugonga magurudumu.

Sasa nisikilize, na ukunje uso ukitaka, siko hapo kuuona. Kosa si la Mwalimu Pyo, ni lako. Ulimchorea askari mdomo wazi, na mdomo ulio wazi ni kama bakuli tupu mezani, kila apitaye anataka kutia kitu. Kurasa kumi na nane ulinyamaza vizuri, soksi zikasema, mabega yakasema, theluji uliyoiacha nyeupe bila kuigusa ikasema. Ulipofika penye uzito ukaogopa hatutakuelewa, ukapiga kelele. Kelele bila herufi ni kelele tu. Mwalimu wako ni mzoefu, aliisikia, akataka kuiandika.

Ondoa ngumi. Ondoa machozi. Usimgeuze shingo. Chora kola na mikono miwili imeikamata, chumba kizima cha picha kiwe hicho tu. Kinachofuata, kola ile ile, mikono ile ile, imefunguka. Halafu mgongo wake tutazame kwa nyuma, anatembea, hatua zimezama zaidi kidogo kwenye theluji. Kidogo, Jeongim, si mashimo ya kuzikia. Na vyumba vyote vya picha viwe na ukubwa mmoja, kwa sababu mtu huyo hakubadilisha mwendo. Mashine ikichapa hivyo, nioneshe mahali pa kubandika "kisasi". Utakibandika mgongoni?

Jambo jingine dogo. Kope za yule mfupi ni za bibi harusi. Najua ulianza kwa kunakili vitabu vya wasichana, lakini mtu aliyelala handakini wiki tatu hana kope hizo. Zipunguze. Usimpe lakini kidevu cha tofali.

Najua unachofikiria sasa. Umeandika kwamba mchapaji anazitaka kurasa jioni ya mkesha wa Mwaka Mpya wetu wa kalenda ya mwezi, na treni yako ya kuja huku ni asubuhi ya siku hiyo. Kurasa nne upya, kuanzia huo wa kumi na tisa, kwa penseli kisha wino, hutawahi treni. Basi usije. Ndiyo, nimesema usije. Supu ya mchele ya Mwaka Mpya tutainywa bila wewe, itapita kooni kwa shida lakini itapita. Binamu zako watainama kunipa heshima, na nafasi yako nitaiacha wazi kwenye mkeka, asikae mtu, hata Bi Geum. Mimi nimekukosa sikukuu mbili, ya tatu haitaniua. Kitakachoniua ni kukuona kwenye mkeka umeinamisha kichwa, na mimi najua umekiinamisha kwa nini.

Na Mwalimu Pyo usimjibu kwa maneno, utalia. Muwekee kurasa mezani, umtilie chai ya shayiri, ukae pembeni. Akifika wa kumi na tisa tazama mkono wake. Akirudi nyuma ukurasa mmoja, umeshinda. Asiporudi, mwambie Bibi Tak wa Jecheon, anayekodisha vitabu vyake tangu Mwalimu akiwa na nywele kichwani, anaomba azisome mara ya pili.

Mama yako anakusalimu na amekufumia soksi, zimo kwenye furushi pamoja na pilipili ya kusaga na viazi vitamu vilivyokaushwa. Mjomba wako Chilbok anasalimu. Bi Geum anasalimu na anadai kwamba soksi aliziona yeye, uliandike mahali. Bwana Namgung hakutuma salamu, ila aliniuliza kama unavaa glavu ukichora. Wasalimie wenzako wote wanaofuta penseli. Mababu wakulinde, vidole vyako visigande, na chumba chako kipate moto.

Ukimaliza kusoma hapa usianze kunijibu. Chukua kifutio, fungua ukurasa wa kumi na tisa, na ufute ule mdomo sasa hivi.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata nikikufokea,
Tak Bunnyeo