Bunju Wawili na Tangi la Mapokezi

Kosa la wengi wanaofuga samaki ni kudhani kwamba maji ya chumvi kidogo ni mapatano: utie chumvi nusu, na samaki wote, wa mtoni na wa mwambao, wakae kwa amani. Dada aliyeniandikia safari hii alidhani hivyo pia. Naiweka barua yake kama ilivyo, kwa kuwa ina mengi ya kusifiwa.

*Mshauri wetu, shikamoo. Nimekuja na kilio cha samaki, usinicheke. Mimi ni mtu wa mapokezi katika kliniki ya meno, na mbele ya viti vya wagonjwa kuna tangi kubwa la kioo ambalo nililikuta lina maji ya kijani na samaki mmoja mnyonge, nikalisafisha, nikapanda majani, nikafuga kambale wadogo wanaofagia chini kama walioajiriwa, na leo linang'aa hata mgonjwa anasahau jino linalomtesa, na nisiseme uongo, mshauri, najivunia, tena sana, maana watu wanaleta wageni kuliona hata kama hawaumwi jino.*

*Sasa daktari, bosi wangu, akarudi na bunju wawili wenye madoa, wale samaki wanaojivimbisha kama puto, akasema muuzaji kamhakikishia wanaishi maji yoyote. Watu wakawapenda kuliko vyote. Bibi mmoja aliyekuja kung'olewa jino alimwinamia mmoja wao akamwambia, "Mwenzangu, wewe meno manne na mimi manne, lakini wewe unapewa konokono, mimi napewa uji!" Kliniki nzima ikacheka. Baadaye nikaona matumbo yao yanageuka kijivu, konokono hawawataki, wamejibanza pembeni, nikasoma, nikauliza, nikagundua wanataka maji yenye chumvi kidogo, na kwa kiherehere changu nikamwaga chumvi ya jikoni moja kwa moja tangini, kambale wakaanza kukimbilia juu kuhema, muuguzi wetu akapita akasema, "Shoga, unafuga au unapika supu?" nikabadilisha maji upesi.*

*Daktari akiniuliza hali ya samaki namjibu, "Wako salama, daktari," kwa sababu nikisema kweli itabidi nilivunje tangi nililolijenga kwa mikono yangu, na kambale niwapeleke wapi? Stoo lipo tangi dogo la zamani lililogeuzwa kabati la maboksi ya glavu, nikafikiria niwatie humo bunju, nikasita, na Mungu anisamehe, kuna siku nimewaza niwaache tu wajifie kimya kimya ili tangi langu libaki zuri. Nifanye nini?*

*Dada wa Mapokezi*

Marahaba, mwanangu. Sikucheki.

Muuzaji hakuona kitu. Daktari, anayechungulia vinywa kutwa, hakuona kitu. Wewe uliuona ugonjwa kwenye tumbo la samaki asiyezidi kidole. Hilo ni jicho la mfugaji, na jicho hilo hulinunui dukani. Jivunie, una haki.

Lakini hilo wazo la kuwaacha wafe lifukuze. Tangi si picha ya ukutani. Sifa ya mfugaji ni uhai wa mifugo yake, si uzuri wa zizi.

Bunju hao asili yao ni pale mto unapoingia baharini. Kambale wako ni watu wa mtoni. Mshika mawili moja humponyoka, kwa hiyo watenganishe. Wa kuhama ni kambale, pamoja na majani yao, waende kwenye tangi dogo la stoo. Bunju hula sana na kuchafua sana. Tangi dogo litawaua upesi kuliko hayo maji yasiyo na chumvi. Kata nusu ya sponji ya chujio lako uitie kwenye chujio utakalolifunga tangi dogo, kwa maana ndani ya sponji hiyo wamo vijidudu wanaokula uchafu, na bila hao maji hugeuka sumu. Majani magumu yaliyofungwa kwenye gogo yaache, hayo huvumilia.

Chumvi ya jikoni irudi jikoni. Bahari ina chokaa na madini mengine, si chumvi tupu, kwa hiyo nunua chumvi ya bahari inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo, na kipimo cha uzito wa maji, ambacho kwenye maji yasiyo na chumvi husoma 1.000. Ikoroge kwanza ndooni hadi iyeyuke. Kila wiki unapobadilisha sehemu ya maji, ongeza ukali kidogo tu, mpaka kipimo kisome 1.005, kisha simama. Itachukua wiki kadhaa. Usikimbize, wale vijidudu nao wanajifunza maji mapya. Na maji yakipungua kwa joto, jazia yasiyo na chumvi: kinachopanda hewani ni maji, chumvi hubaki, na ukiongeza chumvi juu ya chumvi, muuguzi wako atakuwa amesema kweli.

Umwambie daktari, bila kuzunguka: "Sikukwambia kweli. Samaki walikuwa wanaumwa, na hivi ndivyo nitakavyowaponya." Aliyeleta bunju ndiye anunue chumvi.

Utabaki na tangi la mchanga, mawe na magogo, na ndani yake bunju wawili wenye matumbo meupe, wakivunja konokono. Yule bibi akirudi kumwona mwenzake hatauliza majani yameenda wapi. Na ukutani pengine utakuwa na tangi la pili, la kambale, nalo la mkono wako.

Leo, kabla hujafunga kliniki, toa yale maboksi ya glavu kwenye tangi dogo, kisha ulioshe kwa maji matupu, bila sabuni.